Picha za Sikukuu Gare: Kutoka Udongo hadi Kishikwambi

Kompyuta ni chombo cha juzi tu hapa Gare, lakini njia bora ya kumfundisha mtoto kuitumia ina umri mkubwa kuliko shule zetu zote: mpe picha ya kutengeneza kwa ajili ya sikukuu inayokuja. Nimefundisha shule za msingi za upande huu wa Lushoto tangu enzi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mpaka nilipostaafu. Kibao cha jiwe nilikitumia mwenyewe nikiwa mtoto. Chaki za rangi, stensili, mausi na kishikwambi nimeviona vikipokezana mikononi mwa wanafunzi wangu. Kila mara mambo yamekwenda vilevile: chombo kipya huogopwa, huzungukwa, hukaa kabatini, hadi siku kinapopewa kazi ya Idi, ya Krismasi au ya Uhuru. Nimeona niiandike historia hiyo, kwa sababu walimu vijana wanaokabidhiwa vifaa leo wanaambiwa kana kwamba jambo hili linaanzia kwao.

Gare iko safari fupi kutoka mji wa Lushoto, katika mikunjo ya Usambara Magharibi, mahali penye migomba, kahawa, mashamba ya mboga yaliyopandwa kwa ngazi kufuata mteremko, na kanisa la misheni linaloonekana kabla hujafika. Wengi wa majirani zetu ni Wakatoliki, lakini wilaya nzima ina Waislamu wengi na Walutheri wengi, na darasa lolote nililowahi kulishika lilikuwa na watoto wa imani zote. Kalenda yetu ya sikukuu, kwa hiyo, ni ndefu. Hiyo ni neema kwa mwalimu.

Kabla ya shule yoyote kufika, watu wa milima hii na majirani zao walikuwa na picha za kufundishia. Mwaka 1956 Hans Cory, Mwaustria aliyechunguza mila kwa niaba ya serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago. Washambaa na Wazigua ni miongoni mwa jamii alizozieleza. Vinyago hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya sherehe, na kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na funzo lake: heshima kwa wakwe, hatari ya uvivu, wajibu wa mzazi. Mwali hakukalishwa chini akahutubiwa. Alionyeshwa kitu, akaimbiwa, akaimba. Wazee wetu walikwisha kujua kwamba siku ya sherehe moyo wa kijana uko wazi, na kwamba kinachoingia machoni siku hiyo hakitoki upesi.

Mwaka 1897 walifika Gare watawa wa Kitrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, monasteri iliyoanzishwa na Abate Franz Pfanner mwaka 1882. Misheni yao waliiita Neu-Köln. Walutheri walikuwa wamewatangulia katika milima hii, Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895. Watrapisti walikuwa watu wa sala na kazi za mikono, na baada yao misheni ikapita mikononi mwa mashirika mengine ya kitawa, lakini shule ilibaki. Reli ya Usambara ilipofika Mombo mwaka 1905, vitabu, picha za watakatifu na makasha ya vifaa vya shule yakawa yanashushwa chini ya milima na kupandishwa huku kwa miguu.

Babu yangu alikuwa mmoja wa watoto waliosoma misheni katika miaka hiyo. Alinisimulia kuhusu kibao cha jiwe jeusi chenye fremu ya mbao, na kalamu ya jiwe iliyolia ikikwaruza. Hesabu na herufi viliandikwa, vikafutwa kwa mkono, vikasahauliwa. Kilichomkaa kichwani mpaka uzeeni ni juma lililotangulia Noeli, watoto walipoachiwa kuchora kondoo, nyota na mama mwenye mtoto kwenye vibao vyao, kisha vibao vikapangwa ukutani bila kufutwa mpaka sikukuu ipite. Kwa mtoto ambaye kila alichoandika kilifutwa siku ileile, kuachiwa kazi yake ionekane kwa siku kadhaa kulikuwa heshima kubwa. Babu alisema ni kwa ajili ya kondoo wale alijifunza kushika kalamu bila kuivunja.

Desturi ya pango la Noeli inakumbukwa kuwa ilianzia Greccio, Italia, mwaka 1223, kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ilipofika kwetu ilichukua sura ya kwetu. Nikiwa mtoto tulikwenda msituni kutafuta majani laini yanayoota juu ya mawe na magogo, tukatandika chini ya pango. Ng'ombe na punda tuliwafinyanga kwa udongo wa mfinyanzi wa bondeni. Hakuna aliyetuambia kwamba vidole vile vilikuwa vinaendeleza kazi ya vinyago vya kale. Leo nauona uhusiano huo bila shida: udongo uleule, mikono ileile, sherehe nyingine.

Sanaa ya kuchapa nayo iliingia mkoani mwetu kupitia shule. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, ilikuwa na mtambo wake wa chapa, na wanafunzi walifundishwa kuupanga na kuuendesha. Hapo ndipo lilipochapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililotoka tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huku milimani Walutheri walikuwa na kiwanda chao cha chapa cha Vuga, kilichotoa vitabu kwa miaka mingi. Vijana waliojifunza kupanga herufi za risasi moja moja walikuwa wanajifunza mambo ambayo kompyuta ingekuja kuyadai baadaye: utaratibu, nafasi, mpangilio wa ukurasa, na uvumilivu wa kusahihisha kabla ya kuchapa.

Kadi ya sikukuu ina historia yake pia. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza, na mchoraji John Callcott Horsley akaichora. Kadi za namna hiyo zilifika Usambara kwa wamisionari na walowezi, na kuanzia hapo mtoto wa shule ya misheni akajua kwamba salamu inaweza kukunjwa, kutiwa picha na kupelekwa mbali. Kadi za Idi nazo zilipoenea madukani Tanga na Lushoto, zenye misikiti, taa na mwezi mwandamo, watoto wa Kiislamu wakazinakili vilevile. Kadi ikawa zoezi la kuchora, la kuandika kwa mwandiko mzuri, na la adabu ya kusalimia, yote katika karatasi moja.

Kisha likaja Taifa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na picha ya Luteni Alexander Nyirenda akisimika Mwenge kileleni Kilimanjaro ikawa picha inayochorwa kuliko zote katika shule zetu. Miaka mingi nimeisahihisha: mlima wenye kofia nyeupe, mtu mmoja, moto mkubwa kuliko mtu. Vibendera tulivitengeneza kwa karatasi na vijiti, tukavigundisha kwa uji mzito wa unga. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na sikukuu za kidini na za kitaifa zikaanza kukaa pamoja ubaoni. Mwisho wa mwaka wa masomo uliangukia mwanzoni mwa Desemba, kabla tu ya Uhuru na Krismasi. Ubao wa mwisho wa mwaka, kwa hiyo, ulikuwa na Mwenge upande mmoja na nyota ya Bethlehemu upande wa pili, na mwaka ambao Idi iliangukia karibu, mwezi uliwekwa katikati.

Mimi niliingia ualimu kwa mlango wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi mapema kuliko ilivyopangwa, na mwaka 1977 mpango ukaanza nchi nzima. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa kazi huku wakifanya kazi, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya Redio Tanzania na kwa usimamizi wa walimu wakongwe. Madarasa yalijaa. Daftari moja liligawanywa kwa kisu likawa la watoto wawili. Penseli za rangi hazikuwapo, nasi hatukuzingoja: mkaa ulitoa weusi, udongo wa njiani ulitoa wekundu, manjano ya jikoni ilitoa njano, majani ya maharage yaliyosuguliwa yalitoa kijani, na matunda damu yalitoa zambarau nzito isiyotoka kwenye shati. Kwa rangi hizo watoto walitengeneza kadi za Idi na za Krismasi juu ya karatasi za pakiti za sukari na majani ya chai.

Wapo waliosema huko ni kucheza, kwamba darasa lililojaa namna ile halina muda wa picha. Niliwajibu kwa madaftari ya watoto. Aliyeweza kukunja karatasi katikati bila kupinda alielewa nusu na robo upesi. Aliyepima nafasi ya kuandika "Idi Mubarak" ili herufi zisiishie ukingoni alianza kupanga kazi zake zote vizuri. Sikukuu ilimpa sababu ya kujali. Baba angeiona kadi ile, na bibi, na jirani wa dini nyingine.

Chombo cha kwanza chenye mtambo tulichokigusa ni mashine ya chapa na stensili. Uliichora karatasi ya nta kwa kalamu ya chuma, ukaibandika kwenye mashine ya wino, ukazungusha mkono, nakala zikatoka zikinuka. Ilikusudiwa kwa mitihani. Lakini mwisho wa mwaka mwalimu mkuu mmoja alituruhusu kutumia stensili iliyobaki kuchora kadi moja ya darasa, ichapwe kwa watoto wote. Mchoro ulitoka kwa mtoto wa darasa la sita. Aliponiuliza kwa nini mstari wake mnene umepasua karatasi, nilimfundisha kukandamiza kwa kipimo, naye akawafundisha wenzake. Tangu siku hiyo wanafunzi wale hawakuiogopa mashine ile tena.

Wakati huo kompyuta ilikuwa jambo la Dar es Salaam. Ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza mashine hizo nchini, zuio lililolegezwa pole pole baadaye. Nje ya nchi, katika miaka hiyohiyo, kompyuta ilikuwa inajifunza kuchora. Mwaka 1984 Bill Atkinson alitoa MacPaint kwa kompyuta za Apple, na mwaka 1985 Windows ya kwanza ilikuja na programu ya Paint ndani yake. Mwaka 2002 Bill Kendrick alitoa Tux Paint, programu ya kuchora ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Zana zilizokuja kutufaa Gare zilikuwa zimekwisha kutengenezwa kabla waya wa umeme haujafika kwetu.

Nchini nako mambo yalisogea. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza Mtanzania aliweza kuona menyu nzima kwa lugha yake. Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ukaifanya TEHAMA kuwa somo. Shule nyingi za vijijini zilipata somo kabla ya mashine. Nilifundisha mausi kwa kuichora ubaoni, na kibodi kwa kuichora kwenye boksi la katoni, watoto wakagonga herufi za katoni kwa vidole.

Mashine zenyewe zilipokuja zilikuwa laptopu chache zilizokwishatumika, zawadi ya wageni waliowahi kuitembelea shule. Watoto walikaa kwa makundi, mmoja akishika, wengine wakielekeza. Mkono uliozoea jembe uliishika mausi kwa nguvu, na mshale ukaruka kutoka kona hadi kona. Mwongozo niliokuwa nao ulianza na sehemu za kompyuta: kioo, kibodi, kichakataji, kumbukumbu. Nikaufunga. Ramadhani ilikuwa inakaribia kwisha, nikawaambia tutachora mwezi wa Idi.

Mwezi mwandamo ni somo kamili la kompyuta. Unachukua zana ya duara, unachora duara moja kubwa. Unachukua ndoo ya rangi, unalimwagia njano. Kisha unachora duara la pili lenye rangi ya anga ya usiku, unalilaza juu ya la kwanza, limeegemea upande mmoja. Kinachobaki ni mwezi. Ndani ya kazi hiyo mtoto amechagua zana, ameburuta mausi akiwa amebana kitufe, amebadili rangi, na amejifunza kwamba hatua aliyoikosea inaweza kurudishwa nyuma bila kuharibu karatasi. Hili la mwisho liliwashangaza kuliko yote. Watoto waliozoea kuchapwa kwa sababu ya daftari chafu walikutana na ukurasa usiochafuka.

Nyota ya Bethlehemu ilileta somo jingine. Binti mmoja alichora nyota yake kwa mistari, akamwaga rangi ndani, rangi ikatoroka ikafunika skrini nzima.

"Mwalimu, rangi imemwagika!"

"Tafuta ufa, mwanangu. Imepitia mahali."

Tukaikuza picha mara nyingi mpaka mistari ikawa ngazi za vitone vya mraba, tukaona penye pengo la kitone kimoja. Darasa zima lilisogea kuangalia. Sijui njia nyingine ya kumweleza mtoto wa miaka kumi picha ya kompyuta imeundwa na nini kwa haraka na kwa furaha kama ile. Aliliziba pengo, akamwaga tena, nyota ikajaa.

Polepole kalenda ikawa silabasi yangu. Muungano, tarehe 26 Aprili, ni bendera: mistari ya mshazari, ukanda mweusi wenye kingo za njano, kijani juu, buluu chini. Asiyefunga mistari yake vizuri bendera yake inachanganyika rangi. Nanenane ni shamba: unachora kabichi moja kwa uangalifu, unainakili, unaibandika, unaibandika tena, mpaka shamba la ngazi limejaa kama shamba la mama yako. Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, ni siku ya kibodi: picha ndogo, chini yake sentensi tatu zenye herufi kubwa na nukta mahali pake. Idi, kwa kuwa hurudi nyuma karibu siku kumi na moja kila mwaka, ilitufundisha kusoma kalenda mbili. Desemba ilikuwa ya kadi.

Kila kazi ilihifadhiwa kwa jina la mtoto na la sikukuu, ndani ya folda ya darasa. Mwaka uliofuata tuliifungua. Mtoto aliyeona mwezi wake wa mwaka uliopita akaulinganisha na wa sasa hakuhitaji alama yangu ajue amekua. Na alielewa faida ya kulipa faili jina zuri, kwa sababu aliyeliita "aaa" hakulipata.

Printa hatukuwa nayo. Kadi zilizochaguliwa zilipelekwa kwa flashi hadi steshenari mjini Lushoto, zikachapwa kwa rangi nyeusi kwa kuwa ndiyo rahisi, kisha watoto wakazipaka kwa penseli za rangi. Hivyo mkono na mashine vilikutana kwenye karatasi moja. Watoto wa Kiislamu walitengeneza kadi za Krismasi kwa majirani zao, na Wakristo walitengeneza za Idi, na wazazi walizipokea kwa mikono miwili.

Jambo moja nalisisitiza. Picha zilizokuja zimehifadhiwa ndani ya laptopu zile zilikuwa na theluji, nyumba zenye mabomba ya moshi na mzee wa joho jekundu. Si picha mbaya, lakini mtoto wa Gare hazijui. Baridi anaijua, ila ni ya Juni na Julai, pamoja na ukungu unaoshuka hadi mlangoni. Desemba kwetu ni mwezi wa plamsi na pichesi, wa mvua zinazokatika na kurudi, wa ndugu wanaopanda kutoka Tanga na Dar es Salaam wakiwa na mabegi. Nilipowaambia watoto wachore Krismasi wanayoijua, walichora basi la Mombo likikata kona, sufuria ya pilau, kanisa, mbuzi, matunda kwenye beseni. Picha zikawa ngumu zaidi, wakalazimika kutafuta zana ambazo nilikuwa sijawafundisha. Mtoto anayechora anachokijua hukidai chombo kifanye zaidi.

Haya niliyajaribu kwa akili ya ualimu tu. Baadaye nilisoma kwamba wakubwa wa fani walikuwa wamekwisha kuyafikiria. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alikuwa mmoja wa waliobuni Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta ambayo kwayo mtoto humwelekeza kobe wa kwenye skrini achore mistari. Katika miaka ya 1980 kazi hiyo ilifika Dakar, Senegal. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza sana anapotengeneza kitu cha kuwaonyesha watu. Mwanafunzi wake, Mitchel Resnick, aliongoza kundi lililotoa Scratch, lugha nyingine ya kompyuta ya watoto, mwaka 2007. Mwaka 2012 alisimulia hadharani jinsi watoto walivyoijaza tovuti ya Scratch kwa kadi za Siku ya Mama walizoziunda wenyewe, kadi zinazocheza na kuimba. Hakuna aliyewatuma. Sikukuu ndiyo iliyowatuma. Nilipoisoma habari hiyo nilizikumbuka kadi zetu za karatasi ya sukari.

Na mkoa wetu wenyewe umeingia katika historia hii. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, majaribio ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE yalifanyika katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga. Watoto karibu 3,000 walipewa tableti zenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili, zikichajiwa kwa umeme wa jua. Asilimia 74 yao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Naiheshimu kazi ile. Ilithibitisha kwamba mtoto wa kijijini, akipewa chombo chenye lugha yake, hakihofii. Kilichobaki kwetu walimu ni kukiunganisha chombo hicho na maisha ya nyumbani kwake, na maisha ya nyumbani yana sikukuu.

Leo hali ni nzuri kuliko nilivyoikuta. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, wakiwamo wa shule za msingi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Watoto wameona katuni za Kiswahili za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2014, na wanajua kwamba picha za kompyuta hutengenezwa na Watanzania. Kishikwambi kimoja mezani kwa mwalimu, chenye programu ya kuchora isiyohitaji intaneti, kinatosha kuanzia. Watoto wapange foleni, mmoja achore duara, wa pili amwage rangi, wa tatu aandike jina. Mwezi wa Idi wa darasa zima ni bora kuliko kompyuta kumi zilizofungiwa ofisini zisije zikaharibika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Gare, wa Lushoto, na wa kila mahali penye kifaa kimoja na watoto wengi: msianze na majina ya sehemu za kompyuta, majina yatakuja yenyewe. Angalieni kalenda, chagueni sikukuu iliyo karibu, waulizeni watoto nyumbani kwao inasherehekewaje, kisha wawekeeni chombo mkononi. Na wazazi, mtoto akileta kadi aliyoichora kwa mashine, ibandikeni ukutani, na mwacheni awaeleze aliitengenezaje. Huo ndio mtihani wake, na ataufaulu.